Nani Anaweza Kusimamisha Mashine?

Mwezi uliopita kijana mmoja wa ekipi ya usiku aliingia dispansari saa kumi na moja alfajiri. Macho yake yalikuwa mekundu, na nywele zilikuwa nyeupe kama za mtu aliyemwagikiwa unga wa muhogo. Nilimwosha macho, nikampa maji ya kunywa, kisha nikamwuliza kama walitoboa mawe kwa maji. Akacheka. Alisema bomba la maji limekatika tangu siku nne, na kapita amewaambia wamalize kwanza mwamba ulioanzwa, bomba litatengenezwa baadaye. Halafu akaniuliza mimi:

"Muganga, si wewe uliyeandika ule ubao, KUTOBOA MAWE BILA MAJI NI MARUFUKU? Basi mbona husimamishi mashine?"

Niliona haya. Ubao ule kweli ni wa mkono wangu, na rangi nyekundu niliichagua mwenyewe. Nilimjibu maneno mengi ambayo sasa siyakumbuki, na nadhani hata yeye hakuyashika. Tangu siku ile nimelifikiri swali lake, nikaona kwamba wengi wetu, hata sisi tunaofundisha usalama, hatujui vizuri neno "marufuku" linapata wapi nguvu yake.

Kwanza niseme kwa nini jambo lenyewe si dogo. Vumbi la mawe linaloonekana, lile linalokaa kwenye nywele na kwenye kope, laweza kuoshwa kwa sabuni. Vumbi la hatari ni lile dogo lisiloonekana, ambalo linapita puani na kooni na kushuka hadi chini kabisa ya mapafu. Mawe mengi yanayobeba dhahabu yana silika, na silika ikikaa ndani ya mapafu huyatia makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikozi. Mara nyingi unakuja polepole, baada ya miaka mingi, wakati mtu amekwisha kusahau usiku ule wa bomba kukatika. Hauna dawa ya kuuponya, na mwenye nao hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Maji yanayopita kwenye chuma cha kutobolea hulishika vumbi kabla halijaruka. Ndiyo maana nikaandika ubao.

Lakini ubao hauna mikono. Sheria yoyote, iwe ya Serikali au ya kampuni, hubaki shauri jema mpaka pawe na mtu aliyepewa ruhusa ya kumtendea jambo fulani yule asiyetii, apende asipende. Hiyo ndiyo maana ya mamlaka ya kutekeleza sheria. Ukitaka kujua kama katazo lina nguvu, usitazame ukubwa wa herufi. Uliza nani anaweza kuingia kutazama. Uliza nani anaweza kuhoji na akajibiwa, nani anaweza kusema "simama" na mashine ikazimwa, na akipuuzwa anampeleka nani wapi. Maswali hayo yakikosa jibu, hakuna sheria hapo, kuna rangi nyekundu tu.

Nichukue mfano wangu mwenyewe. Mimi naweza kukuandikia siku za kupumzika. Naweza kusema kwamba fulani hafai kwa sasa kushuka shimoni, na neno hilo la kiganga lina uzito wake. Naweza, na ni wajibu wangu, kuandika ajali katika daftari na kupeleka habari kwa wakubwa. Mashine siwezi kuizima. Komite yetu ya usalama, usafi na urembo wa mahali pa kazi (jina refu hilo ni la sheria yenyewe, si letu) inaweza kutazama, kufundisha, kutoa shauri na kuandika ripoti. Nayo haizimi mashine. Kapita anaweza kuizima wakati wowote, mkono wake uko karibu nayo kuliko wa mtu mwingine yeyote. Lakini kapita huyo ndiye anayeulizwa jioni: umetoa mita ngapi? Simlaumu sana. Mtu ambaye mshahara wake unategemea mashine itembee si wa kutegemewa kuisimamisha.

Hapo sheria iliona mbali. Ilitafuta mtu asiyekula kutoka kwenye chungu kile kile. Mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1947, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1968, unasema kwamba inspekta wa kazi asiwe na faida yoyote, ya wazi wala ya kuzunguka, katika kazi anayoikagua. Na mtu huyo unampa uwezo ambao, ukiusoma vizuri, utashangaa. Anaweza kuingia mahali pa kazi saa yoyote, mchana au usiku, bila kutangaza mbele kwamba anakuja. Anaweza kumhoji mwajiri au mfanyakazi akiwa peke yake au mbele ya mashahidi. Anaweza kudai madaftari yaletwe, akayasoma na kuyanakili. Anaweza kuchukua kiasi cha vitu vinavyotumiwa kazini vikapimwe. Akikuta hatari inayoukaribia uhai au afya ya watu, anaweza kuamuru mambo yarekebishwe papo hapo, au kumwomba mkubwa mwenye haki hiyo aitoe amri. Na anayemzuia kufanya kazi yake lazima awekewe adhabu na sheria ya nchi. Kitabu chetu cha sheria ya kazi, kile cha tarehe 16 Oktoba 2002, kinafuata njia hiyo hiyo.

Kwa upande wa mashimo yenyewe kuna mkono mwingine. Sheria ya mina ya tarehe 11 Julai 2002, ambayo ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inaipa Idara ya Mina kazi ya kukagua usalama, usafi wa afya na mwendo wa kazi za kuchimba. Kwa hiyo tusiseme kwamba hakuna mwenye uwezo. Wapo. Jambo linalosumbua ni kwamba bomba hukatika usiku, nao hawapo usiku ule.

Kuna kipengele kimoja katika mkataba ule ambacho ningependa kila mmoja wetu akijue, kwa sababu kinagusa woga wetu mkubwa. Inspekta amekatazwa kabisa kusema nani aliyemletea malalamiko. Na zaidi ya hayo, amekatazwa hata kumdokezea mwajiri kwamba amekuja kwa sababu ya malalamiko. Atafika kama mtu aliyekuja kwa zamu yake ya kawaida. Waliotunga maneno hayo walijua kazi za watu. Walijua kwamba uwezo wote ule wa kuingia na kuhoji hauna faida ikiwa hakuna mtu anayethubutu kumwambia inspekta mlango upi afungue.

Sasa najua mtakavyonijibu, kwa maana nimewasikia kantini. Mtasema: "Muganga, wenye mamlaka tunao wengi mno! Toka Uvira hadi Baraka, hesabu vizuizi." Ni kweli. Mtu wa Makobola akimwona mgeni mwenye kofia na mfuko wa karatasi, wazo la kwanza si kwamba amekuja kumlinda. Na hapa kwetu woga wa mwenye nguvu una sababu nzito kuliko pesa za kizuizini. Wazee wetu na ndugu zetu waliouawa Makobola mwisho wa Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999 waliuawa na watu wenye silaha, ambao hakuna aliyeweza kuwauliza kwa amri ya nani. Mji ulioona hayo haufundishwi na mtu wa dispansari nguvu isiyo na sheria ni kitu gani.

Kwa sababu hiyo hasa nasema tujifunze kutofautisha. Mamlaka ya sheria ina mipaka iliyoandikwa, na yule aliye nayo anaweza kuulizwa. Inspekta wa kweli ana kadi na barua ya kazi, naye hukasirika kidogo tu ukiomba kuziona. Anachokikuta hukiandika katika hati ya ushahidi, ile wanayoiita prosevebali, yenye tarehe, mahali, jambo lililoonekana na saini. Hati hiyo inaweza kwenda kwa mwendesha mashtaka. Faini ya Serikali hailipwi mkononi: huandikiwa hati ya kutozwa, na pesa zikaingia katika hesabu ya Hazina. Mtu anayetaka "ya soda" na kuondoka bila kuandika neno hakutumia mamlaka. Ameyauza, na aliyeyanunua ni yule mwenye bomba lililokatika. Ninyi mliotoboa usiku ule ndio mliolipa, kwa mapafu.

Wengine hufikiri kwamba mamlaka makubwa ndiyo bora. Funga kila kitu, wasema, watu wataogopa. Tumeyaona hayo katika mkoa wetu. Mwezi Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na marufuku hayo yaliondolewa Machi 2011. Shabaha yake ilikuwa kuwakata watu wenye silaha na biashara ya madini. Lakini mchimbaji aliyelisha watoto kwa sururu ndiye aliyekaa nyumbani miezi ile, na wale wenye bunduki hawakusimama wote. Agosti 2021 gavana Théo Ngwabidje alisimamisha kazi za makampuni kadhaa ya Wachina huko Mwenga, baada ya wananchi kulalamika juu ya mito na mashamba. Julai 2024 gavana Jean-Jacques Purusi alisimamisha uchimbaji wa madini katika mkoa na kuwaamuru waliokuwa machimboni waondoke. Sisemi kwamba amri hizo hazikuwa na sababu. Nasema nyundo kubwa haishonei kifungo.

Mkumbuke Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020. Mvua kubwa ilinyesha, mashimo ya dhahabu yakabomoka, na makumi ya watu wakafa humo. Mimi si mtu wa mina, ni mtu wa bandeji, lakini habari ile ninaisoma hivi: siku ile haikuhitajika amri ya miezi sita kwa mikoa mitatu. Alihitajika mtu mmoja, pale pale, mwenye uwezo wa kusema "leo shimo hili haliingiwi" na akasikilizwa, hata na mwenye njaa, hata na mwenye mtaji. Mamlaka ya namna hiyo ni madogo. Yanagusa shimo moja kwa siku moja. Lakini yanaokoa watu, kwa sababu yako karibu.

Afrika ya Kusini wamefika mbali katika jambo hili. Sheria yao ya afya na usalama wa mina ya mwaka 1996, kifungu cha 54, inampa inspekta uwezo wa kusimamisha kazi akiona hatari. Kifungu cha 23 kinampa mfanyakazi mwenyewe haki ya kuondoka mahali anapoona kwa sababu nzuri kwamba pana hatari kubwa. Makampuni yalilalamika mara nyingi kwamba mainspekta wanafunga mina nzima kwa kosa la pembe moja. Mwaka 2016 AngloGold Ashanti ilipeleka shauri mahakama ya kazi, kwa sababu mina yake ya Kopanang ilikuwa imesimamishwa yote kwa makosa yaliyoonekana katika sehemu moja. Mahakama iliona kwamba amri ilikuwa pana kupita kiasi.

Wenzangu niliowasimulia habari hiyo walikasirika. Walisema, unaona, tajiri ameshinda. Mimi siioni hivyo. Mahakama haikusema kwamba inspekta hana uwezo wa kusimamisha. Ilisema asimamishe pale penye hatari, kwa kipimo cha hatari yenyewe. Amri iliyopimwa hivyo ni ngumu kuivunja, kwa kuwa mwajiri hana mlango wa kutokea. Amri ya kufunga kila kitu inavunjwa baada ya wiki moja, maana kila mtu ana sababu ya kuichukia, hata mfanyakazi mwenyewe ambaye posho yake imekatika.

Nirudi sasa kwa yule kijana na swali lake, kwa sababu niligundua jambo la aibu. Alipoondoka nilifungua daftari la dispansari nisome wiki ile. Siku ya kwanza ya bomba kukatika alikuja mtu mwenye macho. Nimeandika: "macho". Siku ya pili wawili, mmoja macho, mmoja kikohozi. Nimeandika: "macho", "kikohozi". Hakuna pahali nilipoandika vumbi. Hakuna pahali nilipoandika bomba. Inspekta angefika kesho yake na kudai daftari, kama alivyo na haki, angesoma kurasa zangu na kuona ekipi yenye mafua kidogo. Sheria imempa uwezo wa kusoma kila kitabu, nami nilikuwa nimemwandikia kitabu kisicho na kitu.

Hapo nikaelewa kwamba sehemu ya mamlaka ile iko mikononi mwangu na mwenu, ingawa hatuna amri ya kutoa. Sheria inamtaka mwajiri atangaze ajali ya kazi kwa inspekta wa kazi na kwa CNSS. Tangazo hilo hutoka wapi? Hutoka kwenye mstari wa daftari, na mstari wa daftari hutoka kinywani mwa mgonjwa. Nanyi, ndugu zangu, mnanificha. Mtu amepondwa kidole na jiwe chini ya shimo, anafika akisema alijigonga na mlango wa nyumbani. Mwingine amelala siku tatu na kifua, anasema ni baridi ya ziwa. Najua sababu: kapita amesema ekipi isiyo na ajali itapata nyongeza, au mtu anaogopa kuhamishwa. Lakini kidole kilichopondwa na mlango wa nyumbani hakimwiti inspekta, wala CNSS hailipi mlango wa nyumbani. Kidole kikioza baadaye na kukatwa, utakuja na ushahidi gani, nami nimeandika neno lako mwenyewe?

Basi nimebadili daftari. Nimeongeza safu mbili: mahali ilipotokea, na kitu kilichosababisha. Mstari wa yule kijana sasa unasomeka: macho, vumbi la mawe, kutoboa bila maji, bomba limekatika siku ya nne. Nilitengeneza barua fupi yenye maneno hayo hayo, bila jina la mtu, nikapeleka nakala moja kwa mkubwa wa kazi, nyingine kwa komite, nyingine kwa delege wa sendika, na kila mmoja nikamwomba atie saini ya kupokea. Mkubwa mmoja aliniuliza kwa nini nataka saini kwa jambo dogo la bomba. Nilimwambia ni desturi mpya ya dispansari. Alisita na kalamu mkononi, akaitazama tarehe, kisha akatia saini. Saini ile haikuzima mashine, lakini tangu dakika ile hakuna awezaye kusema hakujua, na hilo ndilo swali la kwanza ambalo inspekta au hakimu huuliza.

Jambo moja nje ya madaftari, nalisema kama mganga. Jiwe la juu likianza kulia au kudondosha changarawe, usingoje mwenye mamlaka, toka. Maelezo utayatoa ukiwa juu, kwenye mwanga, na delege akiwa karibu. Sijapata kumwona mfu aliyejieleza vizuri.

Bomba lilifungwa jipya siku ya Jumatano. Ubao wangu bado uko pale pale, isipokuwa chini yake nimeongeza kwa herufi ndogo: likikatika, njoo useme dispansari, usiku au mchana. Yule kijana sijamwona tena. Jicho lake la kushoto lilihitaji kutazamwa mara ya pili, na kama anasoma ukurasa huu, dispansari inafunguliwa saa kumi na mbili.